Nyota Zisizo na Chumvi

Donat alikuwa mpishi, tena mpishi wa kweli, si wa kukaanga mayai mawili na kujiita mpishi. Masista wa misheni moja kaskazini mwa Katanga walimfundisha jikoni mwao tangu ndevu hazijamwota: supu, nyama ya kuoka, keki ya matunda, krimu ya maziwa inayosimama kwenye sahani bila kumwagika. Alipoteremka mjini Élisabethville na barua yao ya sifa mfukoni, alidhani wazungu watamgombania. Hawakumgombania, ila alipata kazi mtaa wa Golf, nyumbani kwa Bwana na Madamu Clovis, na huko ndiko miaka yake mizuri ilikoishia. Ukimuuliza leo mzee yeyote wa Katuba, mtaa alikokaa, Donat alikuwa akipika nini, hatakutajia supu wala krimu. Atakuambia alikuwa akiwapikia mbwa.

Na si uongo. Madamu Clovis hakujaliwa mtoto. Alikuwa na Baron, dume la mbwa lenye kifua kipana na uso uliokunjamana, lililolala kwenye kiti cha ngozi ambacho Donat hakuruhusiwa hata kukiegemea. Mwaka 1952 Baron akaugua figo. Daktari wa wanyama akaja na gari lake, akampapasa tumbo, akaandika karatasi. Baron asipewe tena chumvi, sukari, kitunguu wala makombo ya mezani. Apewe biskuti za kuokwa nyumbani kwa maini ya ng'ombe, mayai, karoti, unga wa ngano usiokobolewa na mafuta ya samaki. Madamu akaibandika karatasi ile juu ya jiko, pale pale Donat alipokuwa ametundika msalaba wake mdogo. Msalaba ukahamia nyuma ya mlango, karibu na ufagio.

Kila Jumanne, basi, Donat alioka. Alichemsha maini mpaka yakaacha kutoa damu, akayapitisha kwenye mashine ya kusagia nyama mara mbili, akakwaruza karoti za bustanini, akavunja mayai. Hata maganda ya mayai hakuyatupa. Aliyakausha, akayatwanga yakawa vumbi, akayachanganya humo ili meno ya Baron yapate nguvu. Unga ulipokaza aliusukuma kwa chupa, akaukata kwa kile kibati cha umbo la nyota ambacho Madamu alikuwa akikitumia kwa biskuti za Noeli. Kisha moto mdogo, saa mbili nzima, mlango wa tanuri ukiachwa wazi kidogo ili mvuke utoke. Biskuti ya mbwa ikibaki na unyevu ndani huota ukungu siku ya tatu. Donat alijua imekauka pale alipoivunja ikalia. Alikuwa na hasira na kazi ile, lakini mikono yake haikujua kupika vibaya, na nyota zake zilitoka tanurini zimelingana, rangi ya kahawia, zikinukia mpaka barabarani.

Halafu kulikuwa na kuonja. Mwaka ule mbwa wa jirani alikufa ghafla, na wazungu wa mtaa mzima wakakubaliana kwamba ni sumu ya maboyi, watumishi wao wa nyumbani. Tangu siku hiyo Madamu alikuwa akikaa barazani, Baron miguuni pake, sahani ya nyota mezani, na Donat amesimama mbele yao na aproni yake nyeupe.

"Goûte, Donat," Madamu alikuwa akisema, yaani aonje.

Donat aliokota nyota moja, akaitafuna, akaimeza. Madamu alimtazama koo mpaka ishuke, akangoja kidogo, akaangalia saa yake ya mkononi. Akiona mtu hajaanguka, alimgeukia Baron. Baron alikuwa amefunzwa: alikaa kitako, akainua mguu wa mbele kama anayetoa mkono, ndipo akapewa yake. Siku wageni walipokuwepo, Madamu aliwaambia kwa kicheko kwamba ana mbwa mwenye mwonjaji, kama mfalme. Donat alijua Kifaransa cha kutosha. Alijikaza, akasema "Merci, Madamu," akarudi jikoni kusukutua kinywa.

Mkewe, Mukuka, hakujua habari hizi. Alijua mumewe anapikia wazungu, basi. Nyumba yao ilikuwa Katuba, vyumba viwili vya tofali, na binti mmoja, Constance, wa miaka mitatu. Mukuka alikuwa wa vijiji vya upande wa Kambove, mwanamke wa maneno machache na msimamo mrefu. Bibi yake mzaa mama aliwahi kutekwa akiwa mdogo, zama za wafanyabiashara wa pembe, akauzwa, na yule aliyemnunua alimlisha uani sahani moja na mbwa wake. Alirudi kwao mtu mzima, akazaa, akazika waume wawili, akafa mzee. Kijiji hakikumsahaulia sahani ile. Mpaka Mukuka anaolewa, wakigombana kisimani wenzake walimtupia: ninyi ni wa sahani ya imbwa. Ndiyo maana Mukuka hakufuga mbwa, wala hakupenda mtu ataje mbwa wakati wa kula, na Donat alijua vizuri kwa nini.

Constance alianza kuharibika mvua za Novemba zilipoanza. Mukuka alikuwa amepata mimba nyingine akamwachisha ziwa ghafla. Mimba ikatoka, maziwa hayakurudi. Mtoto akabaki na bukari, ule ugali wa kwao, na mboga za lenga-lenga, bukari na mboga, na kidagaa siku ya bahati. Nywele zake zikageuka rangi ya kutu. Miguu ikavimba, ukiibonyeza kidole kinaacha shimo. Aliacha kucheza, akawa anakaa ukutani na kulia bila sauti, na hicho kilio kisicho na sauti ndicho kilichomkosesha Donat usingizi.

Wakampeleka zahanati. Sista aliyekuwa zamu akamvua mtoto nguo mbele ya foleni nzima, akawaonyesha kina mama wengine miguu yake, akamkaripia Mukuka kwamba anamjaza mtoto unga mtupu kama gunia. Mukuka aliinamisha kichwa. Halafu sista akahesabu kwa vidole mtoto anachotakiwa kula: maini, mayai, karoti, mafuta ya samaki. Donat, aliyekuwa amesimama nyuma na kofia mkononi, akainua uso. Alikuwa akiisoma orodha ile kila siku juu ya jiko. Ilikuwa ile ile, ukiondoa unga, ila sista hakukataza kitunguu.

Maini ya sokoni yalikuwa ya Pasaka na Noeli kwa mtu kama Donat. Jumanne iliyofuata alioka, akaonja, akainama, akarudi jikoni, na yale mabaki ya unga yanayobaki kati ya nyota na nyota, ambayo kwa kawaida aliyatupa, akayakusanya, akayasukuma tena, akayakata, akayaoka. Akazifunga nyota zake kwenye kitambaa cha meza chenye ua la bluu pembeni, akakitia kifuani ndani ya shati, akapanda baiskeli. Njia nzima kutoka Golf mpaka Katuba zilimchoma ngozi kwa joto lake.

Alimwambia Mukuka ni mikate ya kizungu. Constance alishika moja, akaigeuza, akaiuma pembe. Mtoto aliyekuwa akikataa hata maji alikula mbili, akaomba ya tatu.

Donat akakata shauri hapo hapo. Alianza kukanda unga mwingi kidogo kuliko ulioandikwa, na kila Jumanne kitambaa kilirudi Katuba kimejaa. Kwanza miguu ya Constance ilipungua. Halafu akaanza kusimama akishika ukuta, halafu akatembea, halafu jirani akaja kulalamika kwamba mtoto anamrushia kuku mawe. Nywele zikaanza kuota nyeusi kutoka shinani. Jioni ya Jumanne alikuwa akimsubiri baba yake barabarani. "Papa, nyota," alimwambia, hata salamu hakuna. Donat alikuwa mtu wa kujizuia, lakini siku ya kwanza aliposikia neno lile ilimbidi ainame na kujifanya anafunga kamba ya kiatu.

Sasa lazima tuseme juu ya chumvi, maana hapo ndipo mambo yalipoingia nyongo.

Kwao Mukuka chumvi si kitu cha kutia ovyo. Mwanamke akiwa katika siku zake hagusi chumvi ya chungu. Humwita binti mdogo wa jirani aje atie, kisha hupakua. Na mtu aliyetoka nje ya ndoa, mume au mke, ndiye asiyethubutu kabisa. Akitia chumvi kwenye chakula cha watoto, mtoto anayekila hukohoa, na kikohozi hicho hakina dawa. Kwa hiyo chakula kisicho na chumvi, kwa watu wa huko, kinasema jambo. Donat alitoka kaskazini, alilelewa na masista, mambo haya aliyakuta kwa mkewe. Lakini miaka saba alikuwa akimwona mtoto wa jirani akiitwa kutia chumvi, na alijua maana yake kama anavyojua Baba Yetu.

Jioni moja Mukuka aliokota kipande kilichodondoka mkekani, akakitia kinywani. Akatafuna taratibu, akakitema kiganjani.

"Baba Constance, hii mikate haina munyo. Ni nani anapikaka?"

"Ni miye."

"Miaka saba niko nakula bya mukono yako. We hauwezi kusahabu munyo, na kila juma. Ni mwanamuke anapika. Mwanamuke mwenye anaogopa munyo."

Donat alifungua kinywa. Ukweli ulikuwa mfupi: ni biskuti za mbwa wa Madamu, mbwa mwenye figo mbovu. Alimtazama Constance, aliyekuwa amekaa katikati yao na nyota mkononi, akizungusha ulimi pembeni mwa mdomo. Akiusema ukweli, Mukuka angemnyang'anya mtoto ile nyota kabla hajaimaliza, na isingeingia nyingine ndani ya nyumba ile mpaka mtoto azikwe. Mukuka alikuwa mjukuu wa yule bibi wa sahani.

"Iko mwanamuke," akasema.

Mukuka hakupiga kelele. Aliuliza jina. Na mpumbavu huyu, ambaye hakuwahi kumtongoza hata muuza maandazi, alitafuta jina kichwani asilione, mpaka akakumbuka picha ya mama yake Madamu ukutani sebuleni, kikongwe mwenye kola ya lesi, ambaye Madamu alimwita maman Jeanne.

"Jeanne."

Mukuka alimtazama mtoto anavyokula. Kisha akasema, bila kumgeukia mumewe, kwamba huyo Jeanne angalau ana akili. Anamwogopea mtoto wa mwenzake, hatii munyo. Akamwacha Constance amalize.

Hivyo ndivyo Donat alivyonunua uhai wa binti yake kwa mwanamke asiyekuwepo. Bei ilianza kulipwa siku ile ile. Mukuka alihamishia mkeka wake chumba cha mtoto. Aliendelea kumpikia mumewe, ila bila chumvi. Alitenga bukari na mboga kwa heshima zote, akapiga goti, akainuka, akaenda zake. Donat alikula chakula butu peke yake, na Jumanne alikula nyota butu barazani kwa Madamu. Kinywa chake kilisahau chumvi. Majirani walikwishajua kwamba Ba Donat ana mtu Golf, wanaume wakimkonyeza, wanawake wakigeuza shingo. Naye alivumilia yote, akiangalia miguu ya Constance tu. Ilikuwa mikavu, myembamba, yenye vumbi, na ilikimbia.

Mwezi wa nne Mukuka aliona mtoto amepona. Akaona pia kwamba kitambaa chenye ua la bluu kimebaki kwake tangu Jumanne iliyopita na hajakirudisha. Mwanamke aliyelelewa hakai na chombo cha mwenzake, hata mwenzake akiwa mwizi wa mume, wala hakirudishi kitupu. Alikifua, akakipiga pasi ya mkaa, akakaanga karanga vizuri, akamwita binti wa jirani azitie chumvi, akazifunga humo. Alitaka kumkabidhi Jeanne karanga zake mkononi na kumwambia mambo mawili: asante kwa mtoto, na sasa mwachie mume wangu. Akamfunga Constance mgongoni, akatembea kutoka Katuba mpaka Golf, akiuliza njia.

Ilikuwa Jumanne. Laiti ingekuwa siku nyingine yoyote.

Aliingia kwa njia ya bustani kwa kuwa hakujua mlango wa boyi ni upi. Barazani walikaa Madamu na wageni wawili wa kike, vikombe vya kahawa mbele yao, na Donat alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kumeza. Baron alikaa kitako akainua mguu. Madamu akachukua nyota kutoka sahanini.

Constance, aliyekuwa ameshateremshwa chini, aliiona. "Nyota," akasema kwa furaha, akakimbia na ile miguu yake iliyopona, akapanda ngazi mbili za baraza, akasimama pembeni ya mbwa.

Mukuka alikuwa amemlea vizuri. Mtoto wa kike akipokea kitu kwa mkubwa hupiga magoti, huunganisha viganja na kungoja. Constance akapiga magoti. Akaunganisha viganja, akainua uso kwa Madamu, kama mama yake alivyomfundisha.

Wageni wakaangua kicheko mpaka kahawa ikamwagika. Madamu alitazama mtoto, akatazama mbwa, wote wawili wamekaa mbele yake wamenyoosha mikono, naye akacheka mpaka akafuta macho. Akasema huyu amefunzwa kuliko Baron. Akampa Baron nyota yake, na Constance nyota yake. Kisha akataka warudie, ili wageni waone tena. Constance, aliyeona watu wanafurahi, akapiga magoti tena. Mara tatu walimpigisha magoti yule mtoto, na mara tatu Baron akatoa mguu wake. Donat alisimama na trei mkononi. Angeweza kumwinua mwanawe. Hakumwinua, na hilo hakujisamehe mpaka anaingia kaburini.

Mukuka aliangalia yote kutoka chini ya ngazi. Hakuna aliyehitaji kumtafsiria. Aliangalia sahani, akaangalia vipande vya nyota vilivyokwama kwenye midomo ya mbwa, akamwangalia mumewe, na Donat akainamisha macho. Mukuka akapanda ngazi, akamkamata mtoto, akamtia vidole kinywani na kumtoa kile kilichokuwemo. Constance akalia. Karanga zilidondoka majanini, na Madamu, alipokitambua kitambaa chake, alikiokota, akakikung'uta, akakitia mfukoni.

"Afazali ungekuwa na mwanamuke," Mukuka alimwambia Donat.

Akaondoka. Donat aliporudi Katuba jioni alikuta mkeka wake umekunjwa na nyumba imefagiwa. Mukuka alikuwa amepanda gari la mizigo kwenda kwao.

Unadhani Madamu alimfukuza kazi kwa wizi? La. Alikuwa amefurahi mno hata asiwaze kumfukuza. Aliisimulia ile habari ya magoti kwenye kila chakula cha mchana kwa mwezi mzima, na Jumanne iliyofuata alimpa Donat mfuko wa karatasi uliojaa nyota, mzima, waziwazi, kwa ajili ya binti yako yule mdogo, akasema, na siku nyingine Donat aombe kwanza. Donat akashukuru. Sasa alikuwa na nyota za halali na hakuwa na mtoto wa kumpelekea.

Alivumilia majuma matatu. Juma la nne alichota unga wake mwenyewe, akanunua maini kwa kuuza koti lake la Jumapili, akaoka nyumbani Katuba kwenye sufuria iliyofunikwa makaa. Hizi alizitia chumvi, kwa mkono wake. Alikuwa amelifikiria sana jambo hili: mume asiye na kosa tu ndiye anayethubutu kumtilia mtoto chumvi. Alitaka ukoo mzima uone amethubutu. Akapandisha baiskeli kwenye treni mpaka Jadotville, akapiga pedali mpaka kijijini.

Mukuka alimpokea mlangoni, hakumkaribisha ndani. Constance alikuwa amekaa nyuma yake ukutani. Donat aliona miguu kwanza. Ilikuwa imeanza tena kung'aa.

"Nilitia munyo," akasema. "Na mukono yangu miye. Mupe akule."

"Najua hakuna mwanamuke," Mukuka akamjibu kwa sauti ndogo, ili wa nyumba ya pili wasisikie. "Munyo haiwezi kuondosha imbwa mu kinywa ya mutoto. Huku hapana mutu mwenye anajua. Na hapana mwenye atajua."

Akachukua mfuko, akaumwaga uani. Mbwa wa kijiji walikuja kutoka pande zote, wembamba, wenye madonda masikioni, wakazigombania nyota za Donat wakikohoa kwa pupa. Constance alitoka mlangoni kabla mama yake hajamdaka, akainama kati ya mbwa, akaokota moja, akala. Shangazi mmoja aliona. Mukuka akamvuta ndani akafunga mlango, na Donat akarudi na baiskeli yake.

Baridi ya mwezi wa sita iliposhuka, Constance alishikwa na kifua. Watoto wenye miguu ile hawana nguvu ya kupambana na kifua. Alikohoa siku tisa. Siku ya kumi hakukohoa.

Donat alifika matanga yakiwa yamejaa. Wajomba wa Mukuka walimngoja, maana shangazi alikuwa ameshasema aliyoyaona: mtoto alikula chakula cha baba yake, chenye chumvi, kisha akakohoa akafa. Habari za mwanamke wa Golf nazo zilikuwa zimefika zamani, zimeletwa na watu wa Katuba. Hesabu ilikuwa rahisi. Walimkalisha chini katikati ya uwanja, karibu na lile jeneza dogo la mbao za sanduku, na mjomba mkubwa akamuuliza alithubutuje kutia chumvi hali akiwa na mwanamke.

Donat aliinua kichwa aseme. Sasa ukweli ungemwokoa. Angewaambia hakuna Jeanne, hajawahi kuwepo, kulikuwa na mbwa. Lakini angeusema juu ya jeneza la mtoto, na kuanzia jioni ile Constance angeitwa mtoto wa sahani ya imbwa, kama mama wa bibi yake, na Mukuka angelisikia neno hilo kisimani mpaka uzeeni. Akamtafuta Mukuka kwa macho. Alikuwa amekaa na wanawake, kichwa kimenyolewa. Walitazamana.

"Baba Constance," Mukuka akasema mbele ya wote, taratibu, na sauti yake ilikuwa ikimwomba. "Jeanne alikuwako?"

"Alikuwako," Donat akasema.

Wakampiga. Si sana, kwa sababu ya maiti. Wakachukua baiskeli. Na walipokwenda makaburini walimzuia njiani, maana mkono uliotia ile chumvi hauwezi kutupa udongo juu ya mtoto. Alisimama nyuma ya mihogo akisikia majembe. Mukuka hakugeuka.

Alirudi Golf kwa miguu na kwa treni, akakuta ni Jumanne. Madamu akamuuliza kwa nini amechelewa, akaambiwa, akasikitika kweli, akamwambia aketi kidogo jikoni. Baada ya saa moja alimkumbusha kwamba Baron hajapata chake. Donat akawasha tanuri.

Baron aliishi miaka mitano zaidi. Daktari wa wanyama alistaajabu, akasema hajawahi kuona figo zile zikidumu hivyo, na Madamu alimwambia kila mtu kwamba shukrani ni za Donat. Baron alipokufa, kwa uzee, amelala kwenye kiti chake cha ngozi, Donat ndiye aliyechimba kaburi bustanini, chini ya waridi. Madamu alitia humo kola ya mbwa na kopo la bluu lililojaa nyota. Alikuwa akilia. Akampisha Donat mbele yake, akamwambia kwamba yeye ndiye aliyempenda Baron kuliko wote, kwa hiyo aanze yeye kutupa udongo.

Donat alitazama mkono wake. Akainama, akachota, akatupa.